Moto Ulitoka Juu

Baba,

Arobaini yako imepita. Wageni wameondoka, na mama ameanza tena kushuka bondeni kumwagilia kabichi. Kuna jambo linanikaa kooni, na wewe ndiye uliyepaswa kuulizwa kwanza, ingawa huwezi tena kunijibu.

Unajua nilipata kibarua kwa watafiti waliokuja kutoka mjini kuchunguza msitu wetu wa misindano umeungua mara ngapi. Tunakata visiki vipande bapa kama sahani, tunavipiga msasa mpaka pete zionekane. Kila mwaka mti huongeza pete yake, sehemu nyeupe ya mvua na sehemu nyeusi ya kiangazi. Moto ukipita huacha kovu ndani ya pete ya mwaka ule. Nilipokueleza ulicheka. Halafu ukauliza tunakata visiki vya upande gani. Kesho yake ukauliza tena. Nikadhani ni hamu ya mlinzi wa msitu aliyestaafu.

Wiki iliyopita tulifika mteremko ulio juu ya lililokuwa shamba la Mzee Kibwana. Nikahesabu pete kutoka kwenye gamba kurudi ndani, kovu likaangukia mwaka niliokuwa darasa la sita. Hilo halikunishangaza. Nani hapa Mgeta asiyeujua moto ule? Ilisemwa Mzee Kibwana alichoma mabua shambani kwake, moto ukapanda msituni. Wewe ulisimama mahakamani ukasema uliuona ukipanda. Akapelekwa gereza la Kingolwira, na aliporudi shamba lilikuwa la mtu mwingine.

Kilichonishtua ni upande wa kovu. Moto huunguza zaidi mgongo wa mti, upande usiotazama moto unakotoka, maana miali hujikunja nyuma ya shina ikakaa pale. Kama ulipanda kutoka kwa Kibwana, makovu yangekuwa upande wa juu. Yote yalikuwa upande wa chini. Nikasema nimekosea alama za chaki tunazotia kuonyesha upande wa juu. Siku ya pili nikarudi peke yangu, nikaangalia miti mizee iliyobaki imesimama. Mashimo yake meusi yote yanatazama bondeni.

Na juu pale, Baba, kulikuwa na nini? Kibanda chako, na ile barabara ya kuzuia moto uliyokuwa ukiisafisha kila kiangazi.

Tangu hapo sikuamini tena kitu. Kwa nini ulizunguka njia ndefu ili usipite kwa Kibwana? Kwa nini ulinituma nimpelekee mkewe viazi, ukanikataza kusema vimetoka kwa nani? Nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba baba yangu ana huruma.

Nikamuuliza mama tukimenya njegere. Akasema, "Alikuwa anachoma majani pale barabarani, upepo ukageuka. Alikuja hapa nyusi zimeungua. Akanawa, akabadili shati, ndipo akakimbia kupiga yowe. Aliogopa kazi yake." Akachukua ungo wake akaingia ndani. Mlangoni akageuka: "Usimfukue, mwanangu."

Nimekufukua, Baba. Nilikwenda kwa Mzee Kibwana, anaishi kwa binti yake siku hizi. Nikamwamkia, nikamweleza visiki vinaonyesha nini. Sikuwa na uhakika kama atanifukuza.

"Niliuona ukishuka," alisema. "Nilisema tangu siku ya kwanza. Lakini baba yako alikuwa na kofia ya serikali."

Akaniuliza kama itaandikwa. Nikamwambia itaandikwa, watafiti wamekwisha kuvipima visiki vile wenyewe. Akasema karatasi zitakwenda mjini, na waliomcheka wako hapa. Akaniomba niseme kwa mdomo wangu, kwenye mkutano wa kijiji.

Jana nimesema. Mama hakuja. Wapo walionung'unika kwamba namwaibisha marehemu asiyeweza kujitetea, na mmoja akauliza nimelipwa na nani. Mwenyekiti akamuuliza Mzee Kibwana anadai nini. Alisimama kwa shida, mkono begani kwa binti yake. Akasema hadai shamba. Anataka wajukuu wake waache kuitwa watoto wa mchoma msitu. Wazee wawili wa rika lako wakatazama chini. Hao nao nawashuku, Baba. Nadhani walijua.

Nilikusubiri unieleze miaka yote hii bila kujua nasubiri. Ungeniambia, tungekwenda wote kwake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko moto wenyewe.

Pumzika, Baba. Nitakuombea kila nikiamka, na mama sitamwacha. Wanangu wakiniuliza babu yao alikuwa mtu gani, nitawaambia yote mawili: kwamba masika njia ikiteleza alinibeba mgongoni mpaka shuleni, na kwamba alimwacha jirani yake afungwe kwa moto alioutia yeye.

Binti yako,
Mwanaidi