Tezi ya Mama na Bima ya Mtani

Kibiti,
Jumapili mchana.

Dada yangu Riziki,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, na shemeji naye, na yule mtoto aliyekuwa anaanza kutambaa wakati sisi tunafunga mizigo. Ameshatembea? Huku mimi ni mzima. Athumani, mdogo wetu, ni mzima na ameshajua njia zote za kwenda mtoni, jambo linalomtia Mama wasiwasi. Baba ni mzima. Mama nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye sababu ya kukuandikia.

Najua utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Dada, simu unayopiga ni ya Baba. Anaiweka sauti kubwa, tunakaa sote mkekani, na ukiuliza Mama anaendeleaje, anajibu yeye: "Mama yenu? Anazidi kunona!" Tunacheka, salio linaisha. Nami nikipewa simu maneno yananikimbia, wewe unanijua. Kwenye karatasi hayakimbii. Barua hii anakuletea Mama Shani, jirani yetu, anayekuja huko kwenye harusi ya mdogo wake.

Basi ukweli ni huu: Mama hanoni. Ile tezi ya shingoni aliyotoka nayo Likoni, ambayo daktari wa huko alisema iangaliwe tu, imekua. Akilala chali hapati pumzi. Sasa analala ameegemea ukuta, mito miwili mgongoni. Akimwita Athumani, sauti inatoka kama ya mtu mwingine. Daktari amesema ikatwe. Na haijakatwa, dada, kwa sababu ya mzaha. Nimekasirika. Ukiona mahali nimefuta, ujue nilikuwa nimeandika tusi.

Unakumbuka Baba alipostaafu kulehemu meli, alivyotuambia twende kwao tukapumzike. Yeye alikuwa anarudi kwao. Mama alikuwa anakwenda ugenini, na mimi pia, ingawa hapa kila mzee ananiita mjukuu wake. Sikulalamika. Nyumba ni nzuri, shamba la mpunga la babu kule deltani bado linalimika, na shule niliyopata ina makabati mawili ya vitabu ambayo mwalimu ananiachia funguo zake. Kitu kimoja tu Baba hakukifikiria kabla hatujahama. Kadi zetu za bima za Mombasa, huku ni kama tiketi ya basi la jana.

Tulitafuta nyingine. Mahali pa kwanza walitaka kitambulisho cha raia, Mama hana. Pa pili hawampokei mtu aliyevuka miaka sitini, na Baba amevuka. Pa tatu walitupokea vizuri sana, wakatupa na soda, kisha wakataja bei, na Baba akairudisha soda mezani kabla hajaimaliza. Nilikuwa naandika yote kwenye daftari langu la Jiografia, kurasa za nyuma.

Ndipo tukaelekezwa kwa Bwana Mihambo. Ni wakala wa bima mwenye chumba karibu na stendi, Mnyamwezi wa Tabora. Sisi wa Likoni hatukulelewa na utani huu, kwa hiyo nakueleza kama nilivyoelezwa: watu wa kwa Baba, wa kwenye mto wenye mamba, na Wanyamwezi, waliokuwa wapagazi wa misafara, ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya watoto wako, akakamata kuku wako akaondoka naye, akaja hata msibani akalala ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe.

"Karibu, maiti!" ndivyo alivyompokea Baba.

"Nimekuja kukata bima, mpagazi wangu we," Baba akamjibu, uso umemng'aa. Tangu tuhame sikuwa nimemwona anafurahi hivyo.

"Bima ya nini, chakula cha mamba? Bima yako sanda. Nimeshakuwekea kabatini, ya mitumba."

Wakacheka. Akaanza kujaza fomu. Majina, umri, watoto. Baba akasema, "Na mke wangu ana tezi, hapa shingoni." Bwana Mihambo akaweka kalamu chini, akamtazama Mama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Tezi ya Mombasa ikatibiwe Mombasa! Umekosa mwanamke Ikwiriri mwenye shingo nyembamba, unakwenda kutubebea mzigo ng'ambo? Sisi hatutibu tezi za wageni. Labda ikae hapa mwaka mzima, nayo ipate uraia."

Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Mama akavuta mtandio ukafunika shingo. Baba akatia sahihi.

Tulipewa kitabu cha masharti, cha Kiingereza, herufi kama sisimizi. Nilikisoma siku mbili nikiwa na kamusi. Sharti moja lilisema ugonjwa ambao mtu ameingia nao hautalipiwa mpaka miezi kumi na miwili ipite. Nikakaa nikiwaza. Mwaka mzima. Yule mtu alikuwa amesema kweli, ila aliifunga ndani ya kicheko ili isionekane.

Nilimwendea Baba barazani. Alikuwa na wageni wawili. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Baba, kitabu kinasema tezi ya Mama hailipiwi mpaka mwaka upite."

"Mwanangu, hicho kitabu kaandika mtu asiyetujua. Mihambo ni mtani wangu. Mtani atakutukana, lakini hatakudhuru."

"Kweli kabisa," wageni wakaitikia.

Nikaingia ndani. Sikurudi kwake usiku ule wala kesho yake, wala hata wiki iliyofuata. Sikukwambia na wewe. Nilirudisha kamusi kabatini nikajisomea mambo mengine. Kwa hiyo katika hasira hizi, dada, fungu langu nalila mwenyewe.

Mwezi uliopita, mwezi wa nne tangu tupewe kadi, daktari akamwandikia Mama rufaa kwenda hospitali ya Dar es Salaam. Tulikwenda watatu. Dada wa mapokezi aliichukua kadi, akaandika kwenye kompyuta yake, akapiga simu, akamrudishia Mama kadi kwa mikono miwili, kwa adabu. "Samahani, mama yangu. Kwa tatizo hili hawalipi bado."

Baba akacheka! Akamwambia, "Mpigie Mihambo wa Kibiti. Mwambie ni mimi, mtani wake." Watu wa foleni wakageuka. Yule dada hakujua afanye nini na macho yake. Mama akasema tu, "Twende nyumbani, baba Riziki." Njia nzima mpaka Kibiti alishika shingo yake kama mtu aliyebeba yai.

Kesho yake nilimfuata Baba kwa Bwana Mihambo bila kuitwa. Baba aliingia na utani wake kama kawaida, lakini sauti ilikuwa imechoka. Akamweleza. Bwana Mihambo akafungua mikono.

"Sasa mzee, mimi si nilikwambia? Siku ile ile, umekaa kiti hicho hicho. Nilikwambia mwaka. Ukacheka."

Baba angesema nini? Mtani hashitakiwi.

Dada, sijui nilisimama saa ngapi. "Mimi nimezaliwa Likoni," nilimwambia. "Mama yangu kwao ni Likoni. Utani ni wako na Baba. Mgonjwa ni Mama."

"Hee! Kitoto cha mamba nacho kina meno!"

"Liandike," nikasema. "Hilo ulilomwambia Baba. Liandike kwenye karatasi, bila mamba wala uraia, utie sahihi na mhuri."

Alicheka, akamtazama Baba ili acheke naye. Baba alikuwa anatazama sakafu. Nje kondakta alikuwa anaita abiria wa Utete. Basi akaandika. Mistari miwili tu: tezi ya Mama haitalipiwa na bima hii mpaka mwaka utimie. Kumbe inawezekana kusemwa kwa mistari miwili! Kwa nini hakuisema siku ya kwanza, kabla Baba hajatia sahihi, kabla hatujaiacha bima ya Mombasa ikafa? Anajua mtu akicheka hasomi. Ndiyo kazi yake hiyo, na mheshimiwa mtani wetu anaifanya vizuri sana.

Baba hakusema nami siku mbili. Nimesikia barazani wanasema binti wa Mombasa hana adabu, hajui utani. Na waseme. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Baba sasa anasema tusubiri miezi minane iliyobaki. Hataki kumrudisha Mama huko. Anaogopa watu watasema alimleta mke kwao akashindwa kumtunza. Anaogopa maneno ya watu, na Mama anaogopa kulala!

Juzi, wakati wa kula, Mama aliweka kijiko chini. Hakupandisha sauti, maana hawezi tena. "Ulinioa ukanikuta kwetu," alisema. "Umestaafu, nikakufuata kwenu bila neno. Sasa zamu yako kunifuata mimi. Usipotaka, nitakwenda na Mama Shani." Kisha akanigeukia mimi: "Mwandikie dada yako." Baba akainuka akaenda kuswali, wakati adhana ilikuwa bado.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Ndani ya bahasha kuna kadi ya zamani ya Mama ya huko na nakala ya rufaa. Nenda pale tulipokuwa tunalipia, uulize ni nini kinatakiwa ili iamke, na itachukua siku ngapi. Waambie wazi kuhusu tezi, na uwaombe jibu la maandishi. Ukipata, piga simu, na Baba akipokea sema unataka kuongea na Mama. Mama mwenyewe. Usikubali jibu jingine.

Nisalimie bibi mzaa mama, umwambie namwota. Msalimie shemeji, na mwalimu wangu wa Kiswahili wa darasa la nane ukimwona kivukoni, umwambie bado naandika. Yule mtoto mbusu mashavu yote mawili.

Nilikuwa nimefika hapa nikasikia mlango. Baba ameingia, amesimama nyuma yangu muda mrefu. Nilifunika karatasi kwa mkono. Akaniuliza, "Unamwandikia Riziki?" Nikaitikia. Akakuna kidevu, akatazama dirishani.

"Muulize," akasema, "lile godoro kubwa la mimi na mama yenu, tulilomwachia, bado lipo, au alishaligawa?"

Kisha akatoka. Bado nina hasira naye, dada, nisikudanganye. Lakini nijibu haraka. Lipo?

Mdogo wako anayekupenda,
Mwanamisi