Chungu cha mchungaji mgeni

Saumu mwenzangu, leo wamepigana kanisani! Damu mpaka madhabahuni!

Mchungaji mgeni, yule kijana wa Songea, alikuwa anafundisha juu ya moyo uliovunjika. Akasema kwa Kiebrania ni shabar, si kupata huzuni, ni kuvunja kama simba anavyovunja mifupa. Mara akatoa chungu, akakiinua juu, akasoma maneno ya nabii. "Hivi ndivyo watu hawa watakavyovunjwa!"

Chungu, Saumu! Na maneno anatamka! Hakuna aliyemwambia kwamba huku kwetu anayevunja chungu akitamka maneno anaapiza ukoo wa watu ufe.

Esta akigeuka, mumewe Nikodemo kashafika mbele. "Unamvunjia nani? Mwanangu yuko leba, anajifungua!" Akampiga mchungaji kichwa, jino likaruka. Wanaume wakaja na viti. Esta anamlilia mumewe, "Baba Stephano, muache, hajui!" Kiwiko cha mumewe kikampasua mdomo.

Mchungaji yuko chini, amekikumbatia chungu. "Sikivunji, mzee! Sikivunji!" Nikodemo hasikii. Akapiga magoti, akakivuta kwa nguvu zote, kikamponyoka, kikasambaratika sakafuni.

Mchungaji hakukivunja, Saumu. Amekivunja baba wa mzazi mwenyewe.

Simu ya Esta ikaita. Nikodemo akamwambia, "Usipokee." Esta akapokea, damu inamtiririka kidevuni. Mtoto wa kike, mzima, tukamsikia analia.

Watu wakapiga vigelegele. Nikodemo hakuinuka. Mpaka sasa yuko pale pale kwenye vipande, anasema mjukuu huyo hatambeba kwa mikono iliyokivunja chungu.