Mama Mkwe na Mita Mia Tano

Jumapili, 5 Januari

Mdomo umeniponza. Chakula cha mchana kwa mama mkwe, wote mezani, mume wangu anaisifia baiskeli yake mpya utadhani ameizaa. Nikasema — sijui nani alinituma — kwamba mimi Aprili naingia triathloni, ile ya ziwani. Kuogelea mita mia tano, baiskeli kilomita ishirini, kukimbia tano. Kukimbia najua. Baiskeli naendea kazini kila siku. Kuogelea? Mimi hata bafuni nafumba macho!

Mume alicheka mpaka akapaliwa. Mama mkwe hakucheka. Akaweka kijiko chini, akauliza natania au nimesema. Nikasema nimesema. Basi, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, bwawani, na nisichelewe.

Huyu mama amefundisha kuogelea miaka thelathini na moja. Na mimi miaka tisa ya ndoa tumesalimiana tu. Shikamoo mama, marahaba, watoto hawajambo, basi.

Jumamosi, 11 Januari

Aibu, aibu, aibu. Kuvua nguo mbele ya mama mkwe! Nilitoka chumba cha kubadilishia nimejifunga taulo mbili, moja mbele moja nyuma, kama kifurushi. Yeye ukingoni, filimbi shingoni. Akasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na hizo taulo hazijui kuogelea. Nikazitupa.

Saa nzima kupuliza mapovu. Tumbukiza uso, puliza, inua. Mtu mzima, miaka arobaini na mbili! Pembeni vitoto vya chekechea vinapita kama samaki. Mara mbili nilimng'ang'ania mama mkwe shingoni. Mkono wake ulikuwa chini ya mgongo wangu muda wote, mgumu kama ubao.

Kuanzia leo anaitwa Jenerali. Humu tu!

Jumamosi, 25 Januari

Nimeelea! Sekunde kumi na mbili. Jenerali alihesabu kwa sauti, bwawa zima likasikia.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwisha. Jana niliacha daftari hili mezani kwa mama mkwe. Leo baada ya kazi nikalifuata. Lipo palepale, limefunikwa kitambaa vizuri. Nikazungukazunguka, nikauliza kama kuna aliyeliona. Hapana mwanangu, hakuna aliyeligusa. Nikashusha pumzi. Nafika mlangoni, nasikia kwa upole kabisa: Jenerali anasema Jumamosi ni bwawa kwenda na kurudi mara nne, bila kushika ukuta.

Laiti ardhi ingenimeza! Nikiwa nje nilimsikia anacheka peke yake jikoni. Sijawahi kumsikia akicheka. Ana kicheko cha msichana.

Jumamosi, 15 Machi

Bila miwani mimi sioni hata mkono wangu. Ila ufundi wa miwani ndio kazi yangu! Jana nilikata lenzi za macho yangu mwenyewe, nikazisaga mpaka zikaingia kwenye miwani ya kuogelea, nikazibana kwa gundi isiyopitisha maji. Bosi alinikuta karakanani nimetumbukiza kichwa kwenye ndoo. Akauliza kama niko salama. Nikamwambia naona vizuri sana, ndoo yake ina kutu chini. Akaondoka polepole.

Leo mita mia tano. Dakika kumi na tisa! Jenerali akasema bwawa lina ukuta, ziwa halina. Sijui ni pongezi au onyo. Tukakaa ukingoni tunakausha nywele, na hapo akanisimulia, bila kuniangalia. Aliwahi kushindana ziwani, akiwa na umri wangu huu. Mawimbi yakampiga, katikati akapanda boti ya waokoaji. Hakuna aliyemlazimisha. Kwenye boti kulikuwa na blanketi, anasema. Lilikuwa na joto zuri. Hajalisahau.

Jumamosi, 5 Aprili

Kesho! Mvua tangu alfajiri. Upepo umeng'oa bango la mashindano, limeonekana juu ya paa la benki.

Mume amekagua baiskeli yangu mara tatu, hana utani tena. Anasema bado naweza kujitoa, hakuna atakayenicheka. Nikamwambia aliyecheka ni yeye. Akapaka mnyororo mafuta mara ya nne.

Jumapili, 6 Aprili

Naandika hemani, penseli ya mwamuzi, nimeishika kwa ngumi. Vidole vimekufa ganzi.

Ziwa asubuhi lilikuwa linachemka. Mawimbi madogo, walitangaza. Madogo kwa nani? Tulikuwa mia moja na kumi na mbili, arobaini wakatazama maji wakarudi kwenye magari. Filimbi, tukaingia. Baridi ilinikaba koo. Boya la kwanza nikaliona, la pili likapotea. Lenzi nzuri, lakini lenzi haioni kupitia wimbi! Nimekunywa nusu ya ziwa.

Katikati ikaja boti. Mwokoaji, mama mnene, akaninyooshea mkono, akauliza kama nimechoka. Niliitazama ile boti. Wallahi ina blanketi! Nikalala chali. Nikaelea. Nikavuta pumzi kumi, nazihesabu kwa sauti. Nikamwambia asante, nitafika kwa miguu yangu. Kwa mikono, akanisahihisha. Tukacheka wote wawili, nikageuka, nikaendelea.

Nimetoka wa mwisho. Wa mwisho kabisa! Jenerali kaingia majini hadi magotini na sketi yake, mwavuli umepinduka. Hakunikumbatia. Kapaza sauti tu: "Baiskeli!"

Upepo usoni, mvua kama changarawe. Kwenye kona niliteleza, goti limechubuka, nikainuka. Nimewapita watu sita! Mmoja alikuwa anaziba pancha, lakini naye namhesabu.

Halafu radi. Wakatusimamisha wote, tukaingizwa humu. Saa nzima sasa. Mwamuzi amesema anayetaka kwenda aende, cheti cha kushiriki atapata. Wengi wamekwenda. Mume amekuja na koti na funguo za gari, mama yake nyuma yake. Umeshashinda mke wangu, twende ukaoge maji moto. Ananipenda, najua. Anatetemeka kuliko mimi, na wala hakulowa.

Radi imesogea mbali. Mwamuzi anapita: mbio zipo, dakika tano, walio tayari tu. Tumebaki kumi na tisa.

Kamba za viatu zimenishinda. Penseli naishika, kamba vidole haviisikii. Nikamtazama mume. Mume akatazama funguo.

Mama mkwe amempa mwanawe mwavuli ashike. Amepiga magoti kwenye tope, mbele yangu. Mbele za watu! Nikasema mama, tafadhali, usifanye hivyo, mimi ndiye wa kukupigia magoti.

"Lete mguu."

Wa kulia tayari, mafundo mawili. Mwamuzi anaita, dakika moja. Mama anauliza naandika nini saa hizi, na mguu wa kushoto uko wapi —