Mwepesi Hukwama Katikati ya Waya

Kabula, rafiki yangu,

Mwadila. Najua hutaitika, lakini kuanza bila kukusalimia nimeshindwa.

Tangu tukuzike kule kwenu Shishiyu sijalia. Wenzangu walilia kwa kupokezana, mimi nikawa nasogeza viti na kuwaza kama maharage yatatosha. Sijui kimenipata nini. Ni kama mkono ulioulalia: unauona ni wako, lakini ukiufinya huusikii.

Msimu umeanza. Ghala limejaa pamba, vumbi ni lilelile, na Masanja karani wetu bado anaimba kwa pua akiandika. Mahali pako kwenye mzani wamemweka dada mmoja mpole, hajui utani. Mkulima akileta pamba aliyoimwagia maji, anamwambia taratibu, "Baba, hii imelowa." Wewe ungemuuliza kama amevuna shambani au bwawani.

Safari yetu bado ipo. Unakumbuka uliponionyesha kwenye simu watu wamefungwa mikanda, wanateleza kwenye waya juu ya bonde, huko milimani upande wa Moshi? Ulisema, "Minza, sisi watu wa tambarare tutakufa hatujaona mgongo wa ndege anayeruka." Nilicheka sana. Siku hizi nikiikumbuka kauli hiyo naendelea kuhesabu magunia.

Mwongozaji wa huko alinipigia kuuliza uzito wetu. Nikamwambia mwenzangu hatakuja. Sikusema umekufa, nilisema hatakuja, kana kwamba umenyimwa ruhusa kazini. Akasema basi, tulikuwa tufungwe pamoja, sasa nitapita peke yangu, ila nisipungue kilo hamsini. "Dada, mwepesi hukwama katikati ya waya. Hafiki ng'ambo, harudi alikotoka. Mpaka tumfuate."

Nikajipima palepale ghalani, kama tulivyozoea wakulima wakishaondoka. Nikaingia kwenye gunia tupu, Masanja akalitundika kwenye ndoana, nikakunja miguu. "Arobaini na saba," akasoma, halafu kwa mazoea yake ya kuwakata wakulima kilo: "Toa gunia, toa unyevu." Wewe ungemrushia kiatu. Mimi nilining'inia tu. Kumbe nguo zimenipwaya muda mrefu na sikuwa nimeona. Masanja aliponishusha akaniuliza, "Lakini unakula wewe?"

Ndipo nikamkumbuka yule mzee aliyeficha mchanga katikati ya pamba. Ulizamisha mkono mpaka begani, ukautoa na mchanga wake, ukamwambia, "Baba, shamba tumeliona, sasa tuonyeshe pamba." Usinicheke, Kabula. Nilijaza mchanga kwenye mifuko ya suruali nitakayovaa, nikaishona. Sikuona aibu wala sikuona kichekesho. Nilikuwa nashona tu.

Jana Mayu, mama yako, alikuja kunitazama hapa Bariadi. Alileta michembe, ile ya viazi mlivyokata pamoja mwaka jana mkavianika, akaipika na karanga. Aliiona suruali kitini, akashikashika mifuko yake. Alisema tu, "Kula, ng'wanawane. Kula, mwanangu."

Nikala kwa adabu. Kisha nikakuta kipande kinene, kigumu katikati, hakikuiva. Mayu hukata vyembamba, Kabula. Ni wewe uliyekuwa ukikata ovyo, jicho moja kwenye simu. Nilitaka kukitema nikashindwa. Nikakitafuna, kikakataa, nikakitafuna tena, na hapo ndipo nililia. Nililia mdomo umejaa, kamasi mpaka kwenye sahani, na niliumia hasa, kila mahali. Mayu naye alikuwa analia, huku ananiongezea chakula.

Leo asubuhi nimefumua ile mifuko, mchanga nimeumwaga uani.

Sasa lala, rafiki yangu. Nakuahidi nitaupanda ule waya na uzito wangu mwenyewe. Nikiwa juu ya bonde nitatazama chini, nikuangalizie mgongo wa ndege. Nitakuita kwa sauti, wacheke wanaotaka kucheka. Halafu nitafika ng'ambo.

Vipande vyako vinene nimevitenga kwenye kibakuli. Nitavila vyote.

Wako,
Minza