Makofi Nimepata, Mlango Bado Umefungwa

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana hapa nilipo sijui kama nilifanya vizuri au niliharibu.

Nashona kola kiwandani, tunatengeneza mashati, na mlango wa nyuma hufungwa kwa kufuli eti tusiibe vitambaa, sasa juzi pasi ikashika moto, moshi ukajaa, sote tukakimbilia mlango wa mbele, na mwenzangu ninayeshona naye bega kwa bega, mjamzito, akaanguka akakanyagwa, nashukuru yeye na mtoto wako salama, lakini tangu hapo nikisikia harufu ya kuungua tu mikono inatetemeka. Wenzangu wakanichagua niongee na meneja mbele ya wote, kwa kuwa mimi nina mdomo. Basi mume wangu akasema, "Paza sauti, wakuogope," wifi akasema nilie kidogo, mjomba, ambaye ni mshereheshaji wa harusi, akanifundisha kutembea huku na huku nikirusha mikono, nami nikachanganya yote, nikapaza, nikalia kwelikweli, nikaeleza mama wa watu alivyolala sakafuni, ukumbi mzima ukapiga makofi, meneja mwenyewe akafuta macho akasema, "Dada, umeongea vizuri, umetugusa sana," akarudi ofisini kwake. Kufuli bado lipo! Na mwenzangu yule aliyeanguka hanisemeshi, aliniuliza tu, "Ulienda kutusemea au kujionyesha?" Kama niliongea vibaya mbona meneja alilia, na kama niliongea vizuri mbona mlango haujafunguliwa? Ijumaa tunakutana naye tena. Niongeze nini, au nimwachie mwingine?

Mshona Kola

Dada, pole kwa moshi na kwa hofu uliyobaki nayo. Sasa nisikilize.

Nimeipekua barua yako nikitafuta ulimwomba meneja afanye nini, sikuona. Ulimpa huzuni, hukumpa kazi. Alipofuta macho akadhani amemaliza, na wewe uliposikia makofi ukaketi umeridhika. Usinibishie.

Mwenzako ana haki ya kununa. Nenda kwake kabla ya Ijumaa, mwombe radhi, muulize kama anakubali utaje habari zake. Akikataa, sema yako, hiyo mikono inayotetemeka inatosha.

Usimwachie mtu. Mbwembwe za mjomba zibaki harusini. Simama mahali pamoja, mtazame meneja, ongea kama unayemweleza mtu jambo analoweza kulitengeneza. Eleza moshi kwa maneno machache. Kisha igusie hofu yake kabla hajaitaja: anaogopa wizi, basi mlinzi akae nje ya mlango wa nyuma akague mifuko, na kufuli litoke. Usimtukane, ukimwaibisha atajitetea, hatakusikia. Na wenzako waambie wasipige makofi kabla hajajibu.

Malizia kwa swali moja: "Je, kufuli litatoka leo kabla hatujarudi kwenye mashine?" Halafu nyamaza. Ukimya utakutesa, utatamani kucheka, kushukuru, kuongeza kaneno. Usimsaidie. Mwache ajibu.