Hadithi Zangu Ndani ya Corbeille

Jumamosi, Ngagara

Siku tatu nimehangaika na kompyuta ya nyumbani, ikidai diski imejaa. Nilifuta hadi hadithi zangu zote, maana faili za Papa haziguswi. Haikusaidia. Leo Papa akamwita Divine, binti wa shangazi, kutoka Bwiza.

Alimaliza kabla chai yake haijapoa. Kila tulichofuta tangu mwaka jana kilikuwa bado ndani ya corbeille, lile kapu la takataka la kompyuta.

"Munafuta, lakini hamumwagi," alisema.

Papa alicheka, akanigeukia. "We unasoma vitabu kila siku, na hii hukuiona? Huyu mutoto ana akili."

Mimi hajawahi kuniambia hivyo. Hata nilipokuwa wa kwanza darasani.

Kisha Divine akaninong'oneza, "Hadithi zako ziko humu, dada. Nizirudishe?"

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma zaidi. Ningekubali, ingebidi nimshukuru mbele ya Papa.

"Apana," nikamjibu. "Mwaga."

Sasa kompyuta ina nafasi tele. Najaribu kuandika upya ile hadithi niliyoipenda kuliko zote. Nimekumbuka mistari miwili tu.