Nipige Pindo Hili Tu

Mtani wangu Kalistus,

Kamwene, Mhehe. Ukiweza, itikia. Usipoweza nitajiitikia mwenyewe, maana nimekwisha kuzoea kusema peke yangu hapa kibarazani, na watu wanaopita kwenda sokoni nao wamekwisha kuzoea kunitazama kwa huruma.

Nakuandikia mchana, saa ya kazi. Mkasi nimeuweka juu ya karatasi ili upepo wa Iringa usiichukue. Kuna bwana ameketi kwenye ngazi akingojea suruali yake, nimemwambia avumilie kidogo, nina barua. Akauliza naandikia nani. Nikasema naandikia mateka wa babu yangu. Akacheka, akasema Wangoni hatuna haya. Sikumwambia kwamba mateka huyo tulimzika kwenye baridi ya mwaka jana.

Umeniachia upweke, Kalistus. Nalisema mapema kabla sijaanza mzaha, kwa sababu mzaha ukianza sitalisema tena. Naamka nao na kulala nao. Nikikosea kukata kitambaa nageuza shingo upande wako nikingoja matusi, na matusi hayaji.

Unakumbuka tulivyoanza? Mwenye duka alitupa kibaraza kimoja na cherehani mbili, akatuambia wateja hawapendi kukuta fundi hayupo. Tukajiona wajanja. Mimi Mwislamu, wewe Mkatoliki. Ijumaa nikienda msikitini unashika kazi zangu, Jumapili ukienda kanisani nashika zako. Sikukuu ya Idd wewe uko kazini, Krismasi niko mimi. Mji mzima ulitusifu. Walisema kibaraza cha Mngoni na Mhehe hakifungwi hata mvua inyeshe mawe, nasi tukavimba vichwa.

Kumbe tulijifungia wenyewe. Nikitoka msikitini nilikuwa napita hapa kukusalimu, nakuta nguo zimerundikana mpaka kwenye kiti changu, naona haya kwenda nyumbani, naketi. Wewe nawe Jumapili ulikuja na nguo zako za kanisani, unavua koti, unasema, "Nikusogezee kidogo." Kidogo chenyewe kilikuwa mpaka magharibi. Mwaka ule Malkia wa Uingereza alipotawazwa shule zote zilitaka sare nyeupe za gwaride, tukashona mpaka vidole vikafa ganzi. Gwaride lilipopita barabara ya chini tulisikia ngoma tu. Ukasema, "Angalau kaptula zetu zinaona."

Kila Idd mke wangu Mwajuma alikuletea sahani ya pilau hapa hapa, ukala umekaza shingo usije ukadondoshea mafuta kitambaa cha watu. Kila Krismasi mkeo Theodora aliniletea kuku. Sahani za nyumba zetu zilijuana kuliko sisi wenyewe. Miaka yote ile sikuwahi kukaa nyumbani kwako tukala pamoja, wala wewe kwangu, kwa sababu siku niliyokuwa na nafasi wewe hukuwa nayo. Nyumba yako niliiingia mara ya kwanza siku ya kuja kukuzika.

Kikohozi chako kilianza na baridi. Oda ya Mbeya ilikuwa mezani, yale makoti mazito ya wafanyakazi wa mashamba. Kila nikikuambia nenda hospitali ya Tosamaganga wakutazame kifua, ulinijibu lile neno lako huku pini zimekujaa mdomoni, "Nakuja, nipige pindo hili tu." Theodora akikuita chakula, neno hilo. Katekista akikuuliza mbona huonekani kwenye sala za jioni, neno hilo. Hata siku ile nilipokukamata mkono na kuuona una moto, uliniangalia ukasema vivyo hivyo, ukacheka, ukakohoa. Ulipokwenda hospitali ulibebwa. Masista walikuhangaikia sana, niliona kwa macho yangu, lakini mwili ulikuwa umechoka.

Msibani nilifanya kazi yangu. Ungeniona mtu wa ajabu kama nisingeifanya. Mngoni haji kwenye msiba wa Mhehe kulia, anakuja kuudhi watu. Nilijilaza mlangoni nikalizuia jeneza lisitoke mpaka nipewe kuku. Waliponipa kuku nikasema ni mwembamba, huyu naye mlimkosesha usingizi kama marehemu? Wazee wenu wakanitukana vizuri sana. Kisha nikaomba kigoda. Nikakaa, nikainamia cherehani isiyokuwepo, miguu inakanyaga hewa, nyasi nimezibana mdomoni ziwe pini, nikasema kwa ile sauti yako ya kifuani, "Nakuja, nipige pindo hili tu!"

Watu walivunjika mbavu, Kalistus. Theodora alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani, ndipo akaanza kulia upya. Na binti yako Imelda, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa kimya pembeni ya wanawake wa jirani, akaninyooshea kidole akapiga kelele, "Baba huyo! Baba huyo!" Mtani hana ruhusa ya kusimama katikati ya mchezo, nikaendelea kukanyaga hewa. Lakini ndani nilikuwa nimekatika. Mtoto hakukutambua kwa kicheko wala kwa wimbo wala kwa kumbeba mabegani. Alikutambua kwa mgongo ulioinama.

Ungedhani niliondoka pale na akili mpya. Wapi. Matanga yalipokwisha mwenye duka aliniita. Siyo mtu mbaya, unamjua, ila kazi ikilala huumwa tumbo. Akasema nishike kazi zote mimi, zangu na zako, na Mbeya wanataka makoti mengine zaidi ya yale. Nilikubali papo hapo. Niliona nikiziacha kazi zako zikae, nitakuwa nimekuzika mara ya pili.

Basi nikashona kwa watu wawili. Jumapili nilishona. Ijumaa, kwa kuwa hapakuwa na wa kunishikia, nilianza kuikosa sala, mwanzoni kwa uchungu, baadaye kwa mazoea. Mgongo ukaanza kunikatalia kunyooka. Nyumbani nilifika watoto wamelala na kutoka hawajaamka. Mwajuma siyo mtu wa maneno mengi, unamkumbuka kwa pilau yake tu, lakini alinisimamisha mlangoni akasema, "Baba Zuhura, aliyekufa ni Kalistus. Sisi tuko hai, mbona unatuacha?" Unajua nilimjibu nini. Nilimjibu nakuja.

Halafu ikawa siku moja mchana nimekwenda nyumbani kuchukua mkasi mdogo niliousahau. Nikawakuta watoto wanacheza uani. Binti yangu Zuhura amekalia debe, vijiti kavibana mdomoni, kainama, miguu inakanyaga. Wenzake wanamwita kwa pamoja, "Baba, chakula tayari!" Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Nakuja, nipige pindo hili tu." Nilicheka, ndugu yangu. Nilicheka kwa nguvu mpaka wakashtuka. Niliona raha kwamba mtoto wangu, ambaye hukuwahi hata kumpakata, amekujua kwa vile nilivyowasimulia mambo ya msiba. Nikamwambia, "Umemwigiza marehemu barabara." Akatoa vijiti mdomoni akasema, "Siyo marehemu, baba. Ni wewe." Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, akarudisha vijiti mdomoni, wakaendelea kucheza. Nikatoka bila mkasi nilioufuata. Nilikuwa nimeanza kulisema neno lako bila kujua, kwa sauti yako na kwa kikohozi chako.

Siku ile ile nilikwenda kwa mwenye duka. Nikamwambia nitamaliza oda ya Mbeya iliyokwisha kukatwa, kisha nitashona kazi zangu tu. Jioni nafunga, Ijumaa sipo, na kazi zako atafute mtu. Alikasirika. Alisema wateja watahama, na mimi nitajuta. Niliogopa, nisikudanganye. Nilifikiria unga, nilifikiria kodi ya nyumba. Karibu nimwambie nilikuwa natania. Kwa siku nyingi alinipita kibarazani kama anapita penye kisiki.

Mwishowe amemleta fundi mwingine, Mbena kutoka Njombe, mtu mzima, mpole. Ndiye anayekalia kiti chako. Mwanzoni nilimchukia bure. Aligusa cherehani yako nikahisi kaigusa maiti yako. Sasa tunasalimiana vizuri, na jioni tunafunga wote wawili kwa pamoja, kila mtu anashika njia yake. Wateja wengine wamehama kweli, mwenye duka hakusema uongo. Nyama imekuwa ya nadra nyumbani na Mwajuma amerudia kuuza vitumbua. Lakini hajalalamika, na Zuhura amebadili mchezo. Siku hizi anaigiza mwalimu wake.

Makoti ya Mbeya yalipokwisha nilisema nitayapeleka mwenyewe. Nilikuwa na sababu. Nilitaka kwenda Ilomba, huko huko Mbeya, kwa dada yako Skolastika, yule aliyekulea mama yenu alipofariki, ambaye kila mwaka ulisema utakwenda kumwona kazi ikipungua. Habari ya kifo chako ilimfikia kwa mdomo wa mpita njia, udongo umekwisha kukufunika. Niliona ni aibu asisikie kwa mtu aliyekuwepo.

Basi liliposimama Nyololo, kwenye ule ukungu wao, watu walishuka kununua mahindi ya kuchoma. Nikanunua mawili bila kufikiri. Nilipokaa ndipo nikaona ninalo moja kila mkono, kana kwamba uko nami. La pili nilimpa mama niliyekaa naye, akashukuru, akadhani mimi ni mkarimu.

Skolastika ana pua yako, maskini. Njiani kote nilikuwa nimejiandalia utani wa kumtolea, lakini nilipomwona nilisimama tu kama mtu aliyepotea. Alinisemesha Kihehe, akaona nimebung'aa, akageukia Kiswahili. Akauliza, "Miaka yote hiyo mdogo wangu alikuwa anafanya nini huko, asije hata kuniona?"

Nikasema alikuwa anashona.

"Anashona nini?"

Nikasema makoti.

"Ya nani?"

Nikasema ya watu.

Hakulia. Aliinuka akaenda kuongeza maji kwenye sufuria ya viazi. Mimi ndiye niliyelia, Mngoni mzima, mlangoni kwa watu, kilio chote nilichokinyima msiba wako. Majirani walitoka kuangalia. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekuja kumpa habari zako, na nilipomweleza jinsi ulivyokata, jinsi ulivyoshika sindano, jinsi vifungo vyako vilivyokuwa having'oki, habari zikaniishia. Nilikaa nawe miaka yote ile na nilichokijua ni mikono yako.

Yeye ndiye aliyenihadithia. Alinikaribisha ndani nikakaa kwake mpaka viazi vikaniota tumboni, na kila tulipomaliza kula alinihadithia. Kwamba ulikuwa mtoto mwoga wa kuvuka mto. Kwamba ulipiga ligombo, lile zeze lenu la kulaza chini, kaka yenu mkubwa akakukataza na wewe ukajificha nalo shambani. Kwamba uliimba. Uliimba, Kalistus? Mbona kibarazani hukuimba hata siku moja? Anasema sauti yako ilikuwa nzuri hata wanawake waliokuwa wakipalilia walisimama na majembe yao. Nilikasirika nawe kweli kweli, kule Ilomba, nimeshika kikombe cha chai. Ulikuwa na kitu kama hicho, ukanificha? Halafu nikaona hukunificha. Hatukuwa na nafasi tu.

Niliporudi nilikwenda kwa Theodora siku ya Jumapili, mchana kweupe, nikakaa kwenye mkeka nikala chakula chake kikiwa cha moto. Nilimwambia yote. Naye hakujua habari ya ligombo. Imelda alikuwa amelala mapajani mwake na sikutaka kumwamsha. Amerefuka, mtani. Watu wanasema anaanza kufanana na wewe, nami nawaambia wamwombee kwa Mungu.

Sasa sikiliza ahadi yangu. Mavuno yakishaingia ndani, namchukua Theodora na Imelda, namchukua Mwajuma na Zuhura, tunapanda basi wote kwenda Ilomba. Kibaraza kitafungwa, na mwenye duka nimekwisha kumwambia, amenuna, na kununa kutakwisha. Nimeahidi mbele ya Theodora makusudi ili nisipate pa kukimbilia. Nataka mtoto wako akae karibu na shangazi yake asikie kwamba baba yake aliimba, na wanawake wakasimama na majembe yao. Akiulizwa siku nyingine baba yako alikuwa mtu wa namna gani, awe na la kusema lisilokuwa na cherehani ndani yake.

Na mimi nitajitahidi wangu nao wawe nalo.

Haya, Mhehe wangu. Pumzika. Hakuna anayengojea nguo kwako tena, wala hakuna atakayekuja kukugongea. Lala mpaka utosheke.

Mtani wako,
Athumani
Iringa